Kichupa cha Shemeji

Taasisi ilikuwa na mapazia ya mahameli katika ukumbi wa mikutano. Ilikuwa na viti vya ngozi vinavyozunguka, na bustani ya maua yaliyopandwa kwa umbo la herufi za jina lake, ili hata ndege wa angani wajue wanapita juu ya nani. Kitu pekee ilichokosa ni panya.

Basi Mama Nyoka alileta panya kutoka kwake. Aliwafuga nyuma ya nyumba, ndani ya kreti za soda zilizozungushiwa wavu, akawalisha makombo ya mezani, na kila Jumatatu asubuhi aliwabeba kwenye kapu la kifuniko hadi kazini. Mlinzi wa getini alikuwa hamwachii apite bila maneno.

"Leo umebeba nini, Mama Nyoka?"

"Chakula cha wafanyakazi."

"Wafanyakazi gani hao wanaokula panya?"

"Wale wachache wanaofanya kazi humu ndani."

Mlinzi alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Mama Nyoka hakucheka. Alikuwa mtafiti wa sumu ya nyoka, amesoma ng'ambo mpaka kisomo kikaisha, akarudi na sanduku moja na cheti kilichofungwa kwenye mrija wa plastiki. Wenzake aliosoma nao walibaki kule. Yeye alirudi kwa sababu ambayo kila aliyemuuliza aliiona ya kijinga: nyoka wako huku.

Na ujinga huo ulikuwa na mguu. Mdogo wa mume wake, shemeji yake, alikuwa akifyeka majani kwenye uwanja wa shule alipoumwa kifundoni. Alifikishwa hospitali mapema, akachomwa dawa ileile iliyoandikwa kwenye miongozo, imetoka nje, imefungwa vizuri, haijapitwa na wakati. Mguu ukavimba, ukawa mweusi kama tako la sufuria, ukakatwa juu ya goti. Daktari aliwaeleza wanandugu kwa upole wa mtu anayewahi mgonjwa mwingine: dawa ile imetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa nchi nyingine. Huyu wa kwetu haikumtambua.

Siku iliyofuata Mama Nyoka alichukua ndoano yake na mfuko wa turubai, akaenda kwenye uwanja ule, akamtoa nyoka chini ya rundo la matofali. Alimweka kwenye kizimba, akaanza kumkamua sumu, akampa jina: Shemeji. Habari zilipomfikia mwenye jina hospitalini, aliutazama mguu usiokuwepo, kisha akasema, "Angalau mmoja wetu kapata ajira."

Nyoka wote wa Mama Nyoka walikuwa na majina. Karani alikamatwa ndani ya kabati la mafaili. Mwenyekiti hakuwa akisogea mpaka aletewe chakula. Bibi Harusi alijivua ngozi na kukaa akijitazama kwenye kioo cha kizimba. Vichupa vya sumu viliandikwa jina hilo tu na tarehe. Nyoka ni wa aina gani, jike au dume, wa umri gani, katoka bondeni au mlimani, sumu yake inagandisha damu au inazima pumzi, yote hayo yalikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja.

Utafiti haufanywi hivyo, na yeye alijua. Lakini alishawahi kuufanya inavyotakiwa. Aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, akamkabidhi Mkurugenzi asome, na maandishi yakatoka kwenye jarida la ng'ambo yakiwa na jina la Mkurugenzi mwanzoni, likifuatiwa na jina la mtu ambaye hajawahi kumwona nyoka ila kwenye kalenda. Mama Nyoka alishukuriwa mwishoni, pamoja na dereva. Tangu hapo alikata shauri: watakaoiba, waibe na kichwa.

*

Mkurugenzi alikuwa na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Zamani alikuwa mtafiti wa wadudu. Wadudu wenyewe walikuwa ukutani, wamechomekwa pini ndani ya sanduku la kioo, na yule wa mwisho alimkamata kabla hajapewa gari la kwanza la ofisi.

"Karibu, binti yangu, keti. Nasikia watu wa ng'ambo wanakupigia simu."

"Wananipigia."

"Na wewe?"

"Mimi napokea."

Mkurugenzi akatabasamu. "Tunazindua kampeni. Wataalamu wetu wanakimbia, nawe unaona. Yule wa maji kaondoka. Yule wa mbegu kaondoka na mkewe, na mkewe ndiye aliyekuwa na akili. Sasa mgeni rasmi anataka aonyeshwe mtu aliyeitwa akakataa. Nimetafuta ofisi hadi ofisi. Nimekupata wewe."

"Peke yangu?"

"Kwa bango mmoja anatosha."

Mama Nyoka alilitazama jambo lile kama anavyomtazama nyoka aliyelala: kichwa kiko wapi, mkia uko wapi. Profesa wa ng'ambo alikuwa amemwita kwa mara ya tatu, na safari hii alitaka jibu kabla juma halijaisha. Alishaamua kukataa. Lakini hakuwa mjinga wa kukataa bure.

"Nitasimama jukwaani," alisema. "Ila kuna ile mashine ya kukaushia sumu. Tangu ije iko kwenye boksi. Sumu ya majimaji umeme ukikatika inaoza. Ikikaushwa, hata ukiiweka kabatini inakaa miaka. Ifungeni hiyo mashine, nami nitasema chochote kilicho cha kweli."

"Chumba cha mashine kilihitaji kiyoyozi."

"Kiyoyozi kililetwa."

"Kililetwa, ndiyo."

Wote wawili wakainua macho. Kiyoyozi kilikuwa ukutani juu ya vichwa vyao, kikinguruma polepole kama paka aliyeshiba.

"Tutaifunga," alisema Mkurugenzi. "Neno langu."

"Na ufunguo wa jokofu langu? Mmelihamishia stoo kuu, kila nikienda naambiwa mtunza stoo yuko semina."

"Ni kwa usalama, binti yangu. Stoo kuu kuna jenereta. Mtunza stoo akirudi atakufungulia."

Mtunza stoo alikuwa semina tangu mwezi uliopita. Semina yenyewe ilihusu uwajibikaji.

*

Sebule ya Mama Nyoka ilikuwa ndiyo karakana ya mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima, hadi mama yake mzazi, ulimwita Fundi. Mteja akija kupima suruali, familia iliinuka na sahani zake ikaenda kulia uani.

Jioni ile cherehani ilikuwa imefunikwa na uso wa Mama Nyoka. Bango lilikuwa refu kuliko chumba. Paji la uso lilikuwa mezani, kidevu kilikuwa mlangoni, na chini ya kidevu maandishi: MIMI NIMEBAKI. WEWE JE? Taasisi ilikuwa imemletea Fundi akunje pindo na kuweka matundu ya kamba, pamoja na kitambaa chekundu cha kufunikia mashine siku ya uzinduzi, ambacho aliambiwa anunue kwanza, atarudishiwa. Kuhusu ujira, karani wa Taasisi alimpiga bega akasema mume wa mhusika hawezi kuwatoza.

"Tulia, mke wangu," alisema Fundi akisukuma kitambaa chini ya sindano, "nisije nikakutoboa sikio."

"Aliyempiga picha kamzeesha," alisema mama mkwe kutoka kwenye mkeka.

"Bibi, ndivyo mama alivyo," alisema binti wa nyumba, ambaye alikuwa kidato cha tatu na alitaka kuhamia ng'ambo tangu darasa la nne. "Wangempiga picha akiwa ng'ambo angetoka mzuri."

"Wewe funga mdomo. Mama yako haendi popote. Mwanamke aondoke amwachie mume cherehani na mimi? Nani atanikanda magoti? Na huyu?" Akanyoosha kidevu kumwonyesha shemeji, aliyekaa pembeni akimshonea kaka yake vifungo, ameviweka vingine midomoni. "Si alisema anamtafutia dawa huyu?"

"Ya kwangu imechelewa, mama," shemeji alisema kati ya vifungo. "Labda wanitafutie kiatu kimoja kwa nusu bei."

Simu ikalia. Ilikuwa simu iliyokufa spika ya sikioni, kwa hiyo kila aliyempigia Mama Nyoka aliongea na nyumba nzima. Alikuwa profesa wa ng'ambo. Mama Nyoka akasimama, akajibu kwa lugha ya kule, na kwa kuwa mama mkwe hakukubali mtu aongee nyumbani kwake bila yeye kuelewa, akawa anatafsiri.

"Anawasalimu. Anauliza kama nimefikiria. Anasema maabara iko tayari, nyumba iko tayari."

"Mwambie tunamshukuru, hapana," alisema mama mkwe.

"Anasema anamshukuru Mkurugenzi kwa ukarimu..." Mama Nyoka akanyamaza. Profesa aliendelea kuongea, sauti yake ikikwaruza ndani ya chumba, ya furaha, ya mtu anayetoa habari njema. Katikati ya maneno yale ya kigeni wakasikia, limepindwapindwa kidogo lakini linaeleweka, neno lao: Shemeji.

Vifungo vikamdondoka shemeji mdomoni.

"Anasema nini?" mama mkwe aliuliza. "Mbona hutafsiri?"

Mama Nyoka aliweka simu mezani, juu ya paji lake mwenyewe la uso.

"Anasema vichupa vimefika. Vyote. Vimefika vimeganda vizuri. Tatizo ni kwamba hawaelewi majina. Wana Karani, wana Mwenyekiti, wana Bibi Harusi, wana vichupa vitatu vya Shemeji, na hawajui ni nani. Anasema ndiyo maana wananihitaji mimi."

"Mimi niko hapa," alisema shemeji. "Nani kanipeleka ng'ambo bila kuniambia?"

Hakuna aliyecheka. Nyoka yule alikuwa amekufa mwaka jana, kwa uzee, kizimbani mwake. Sumu yake haikuwa mahali pengine popote duniani ila kwenye vichupa vile vitatu. Bila hiyo, aina ile ya nyoka ingetafutwa upya chini ya matofali ya uwanja mwingine, baada ya mguu mwingine.

*

Asubuhi Mama Nyoka hakubisha hodi kwa katibu muhtasi.

"Sumu yangu iko wapi?"

Mkurugenzi hakushtuka. Alifunga kalamu yake kwanza. "Mahali salama zaidi. Wewe mwenyewe unalalamika umeme unakatika. Kule haukatiki, binti yangu."

"Na mimi kule ningekuwa mahali salama zaidi?"

"Wewe ni hazina ya taifa. Hazina haitoki nje."

"Na sumu?"

"Sumu ni sampuli."

Akalieleza lile jambo kama baba anayegawa pipi. Ulikuwa ushirikiano. Taasisi imetoa sampuli. Kule wametoa mkataba. Uongozi utakuwa unahudhuria mikutano yao mara mbili kwa mwaka, kujifunza.

"Kujifunza nini?"

"Uongozi." Mkurugenzi alianza kuchoka. "Tena sumu si mali yako. Ni mali ya Taasisi."

"Na panya je? Panya ni mali ya nani?"

"Usipandishe sauti. Mashine nimeifunga kama ulivyotaka. Neno langu nimelitimiza."

Ni kweli, mashine ilikuwa imefungwa. Walipeleka sumu ng'ambo, kisha wakaweka mashine ya kukaushia sumu. Mtu akitunga kisa kama hicho ataambiwa anawaonea wakubwa.

"Sipandi jukwaani," alisema.

"Utapanda. Wale nyoka walio hai kule bandani hawako kwenye bajeti yoyote. Tunawavumilia kwa sababu yako. Mtu akileta hoja kwamba ni hatari kwa wageni, sijui nitawatetea vipi." Akaifungua tena kalamu yake. "Vaa kitu chenye rangi. Picha zitapigwa."

*

Siku ya uzinduzi turubai lilijaa. Walikuja wakuu wa idara, walikuja wake wa wakuu wa idara, zilikuja shule mbili zilizoamriwa kuja. Familia ya Mama Nyoka ilipewa viti mstari wa nyuma kabisa, karibu na spika, na shemeji alizuiwa mlangoni kwanza mpaka Fundi alipoapa kwamba magongo yale si ya kuombea.

Mgeni rasmi alichelewa inavyostahili cheo chake. Akahutubia. Alisema vijana wanaokimbilia nje hawana uzalendo. Yeye mwenyewe ana watoto wanne huko wanasoma na kila siku anawaambia hivyo kwa simu. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akamwita Mama Nyoka jukwaani, akamzungusha mara moja ili pande zote zimwone, kama nguo inayouzwa.

Kisha Mgeni rasmi akavuta kitambaa chekundu cha Fundi, na mashine ikatokea ikiwa inang'aa. Wapiga picha wakasogea.

"Inafanya nini hii?" aliuliza Mgeni rasmi kwenye kipaza sauti.

"Inakausha sumu ya nyoka, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi. "Inachukua siku nzima, kwa hiyo tumekuandalia iliyokaushwa tangu jana."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka fundi sanifu wa maabara, kijana mpole aliyekuwa amesimama nyuma ya mashine. Jana aliambiwa akaushe sumu kwa ajili ya sherehe. Akaenda stoo kuu, akafunguliwa jokofu, akakuta ndani yake soda za wageni. Akarudi kuuliza, akajibiwa asilete matatizo, alete ufumbuzi. Akajaza kichupa maji ya bomba, akakiweka kwenye mashine. Mashine ilikuwa mpya, nzuri, na ilifanya kazi yake kikamilifu. Ilikausha yale maji yote.

Mkurugenzi akachukua kichupa, akampa Mama Nyoka. Mama Nyoka akakiinua juu kama alivyoelekezwa kwenye mazoezi. Jua lilipita ndani ya kioo bila kuzuiwa na chochote.

Mgeni rasmi akakunja macho. Hakuwa mpumbavu; alikuwa mvivu tu. "Mbona naona hakina kitu?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na Mama Nyoka.

"Imekwenda ng'ambo, Mheshimiwa," alisema.

Kisha Mgeni rasmi akapasuka kicheko. Alicheka tumbo likitikisa tai yake, na alipocheka yeye wakacheka wakuu wa idara, wakacheka wake zao, zikacheka shule mbili. "Imekwenda ng'ambo!" Mgeni rasmi alirudia akipangusa machozi. "Hata sumu inakimbia! Umesikia, Mkurugenzi? Huyu mama ana utani!"

"Ana utani sana huyu," alisema Mkurugenzi, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mama Nyoka alijaribu tena. "Mheshimiwa, nasema kweli, imepelekwa..." Lakini mshereheshaji alikuwa ameshachukua kipaza sauti, muziki umeshapigwa, na utepe ulikuwa unangoja.

Kule nyuma watu wanne hawakucheka. Mama mkwe alimvuta mkono jirani yake wa kiti.

"Wanacheka nini?"

"Yule mama kachekesha, bibi."

"Si kasema kweli?"

"Ndiyo maana."

*

Jioni hiyo hakuna aliyewasha redio. Binti alichemsha chai, na kwa mara ya kwanza hakusema neno kuhusu ng'ambo. Bango lilishachukuliwa, likaacha sebule kubwa kuliko walivyoikumbuka. Mama Nyoka alikaa kwenye kiti cha wateja, bado amevaa ile nguo ya rangi.

"Nenda," alisema mama mkwe.

Wote wakageuka.

"Mbona mnanitazama? Nilisema asiende, nikadhani akibaki anabaki na kazi yake. Kumbe kazi imeshapanda ndege, yeye amebakizwa kama picha ya ukutani. Nenda, mwanangu. Magoti yangu yana miaka mingi yanauma, hayatakufa kwa kukusubiri."

"Mama, nikienda watasema walijua tu. Watasema hata aliyekuwa kwenye bango alikuwa msaliti."

"Waseme. Wamekucheka ukisema kweli, watakuheshimu ukifanya nini?"

Mama Nyoka alizungusha kikombe mikononi. Alijua vitu viwili, na kila kimoja kilimuuma upande wake. Sumu ilikuwa kule, na dawa ingetengenezwa pale sumu ilipo. Na dawa ikishatengenezwa kule, ingerudi huku kwa bei ya kule, imefungwa vizuri, na watu wa uwanja wa shule wangeikodolea macho dirishani mwa duka la dawa.

"Nitaenda," alisema hatimaye, "lakini sitawatajia majina kwa mkupuo. Karani nitawapa, Mwenyekiti nitawapa. Shemeji nitamtaja wa mwisho. Siku watakaposaini kwamba dawa yake inatengenezwa huku, mkononi mwetu, ndiyo siku nitakayowaambia Shemeji ni nani."

"Na wakikataa?" binti aliuliza.

"Watakuwa na vichupa vitatu vya mtu wasiyemjua."

"Na wale walio bandani?" alisema Fundi. "Mkurugenzi hatawaua ukiondoka?"

"Hawezi kwa sasa. Mgeni rasmi kaahidi kurudi kuwaona. Wamekuwa sehemu ya kampeni."

"Mimi nitawalisha," alisema shemeji. "Nitapita na kapu, mlinzi ananijua. Na nyoka hawatanisumbua. Walishakula mguu, wanaijua ladha yangu, hawakuipenda."

Hapo wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka, na Fundi akainuka. Alikwenda nyuma ya cherehani, akatoa kile kitambaa chekundu cha mashine, kimekunjwa vizuri.

"Nilikivuta pale watu walipokwenda kula," alisema. "Hawajanirudishia hela yake, basi ni changu." Akatoa futi ya kupimia shingoni. "Kule kuna baridi. Simama nikupime koti."

"Koti jekundu? Mimi?"

"Bitana ndiyo itakuwa nyekundu. Nje nitakuwekea kijivu, uonekane mtu wa heshima. Nyoosha mkono."

Alinyoosha mkono. Fundi alimpima bega, akampima mgongo, akampima tena bega lilelile, na tena, kama fundi mwanafunzi asiyeamini futi yake. Mama mkwe akamwambia binti amsaidie kuinuka, wakaoshe vyombo uani, ingawa vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

*

Mama Nyoka aliandika barua ya kuacha kazi. Taasisi haikuijibu, lakini iliijibu barua yake ya pili, ya kuomba bango liondolewe: bango lilikwishalipiwa nafasi yake barabarani hadi mwisho wa mwaka, na kulishusha mapema kungekuwa hasara kwa umma.

Kwa hiyo siku ya safari, katika gari la kukodi, na sanduku likiwa mapajani kwa binti na magongo yakichungulia dirishani, walikwama kwenye foleni chini yake kabisa. Lilikuwa limetandazwa juu ya barabara ya uwanja wa ndege, uso mkubwa kuliko basi. MIMI NIMEBAKI. WEWE JE?

Dereva alitazama juu. Akatazama kwenye kioo. Akatazama juu tena.

"Samahani, mama. Yule si..."

"Dada yake," alisema mama mkwe. "Endesha."

Fundi alikuwa amekodoa macho kwenye pembe ya kushoto ya bango. "Mshono umeachia pale," alisema taratibu. "Upepo ukija vizuri, litachanika kuanzia sikioni." Hakusema kwamba uzi wa upande ule aliuweka mmoja, badala ya nyuzi mbili. Mke wake alimshika mkono, kwa sababu aliijua kazi ya mumewe, na hajawahi kuona mshono wake ukiachia.

Uwanjani hawakuruhusiwa kupita mlango wa kioo. Mama Nyoka alimkumbatia binti, akamkumbusha panya wasipewe chumvi. Alipiga goti kwa mama mkwe. Kwa Fundi alisimama tu, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja hadi cha juu, ingawa jua lilikuwa kali, na Fundi akamrekebishia kola ambayo haikuwa na kasoro.

Shemeji ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aliegemeza gongo moja kwapani ili apate mkono wa kuaga.

"Shemeji," alisema, "ukimkuta yule wa jina langu huko kwenye baridi, mpe salamu. Mwambie mguu simdai tena. Ila arudi nyumbani."